Mkono Nilioupunga Kilimani

Minza, ng'wanone, mwanangu,

Mama yako ameshakuambia habari za chandarua, maji ya kuchemsha, na wazee wa Kimali unaopaswa kuwaamkia kabla hujafungua mizigo. Mimi hapo sina la kuongeza. Ni Jumapili mchana, nimekaa mezani karibu na dirisha, na wewe uko nje unaosha pikipiki ya baba yako mdogo Shija. Kesho saa mbili asubuhi utaipanda kwenda kuanza kazi yako ya mifugo, na vijana wa kijiwe cha Somanda watakusindikiza kwa msafara. Doto amekuja kukaza mnyororo. Nawasikia.

"Dokta wa ng'ombe, ukishafika Kimali utatusahau."

"Nimeanza leo. Mnanuka petroli."

"Kesho kutwa utanuka mavi ya ndama, mayu, tutaona nani atamkimbia mwenzake."

Unacheka. Ni kicheko cha Shija kabisa, kile cha kurusha kichwa nyuma.

Kesho msafara utasimama pale kilimani alipofia, kwenye barabara ya Meatu. Unajua utaratibu wao: wanazima injini, wanavua helmeti, wanakaa kimya kidogo, halafu wanaendelea. Barua hii nitaitia mfuko wa ndani wa jaketi lako. Isome hapo, ukiwa umekaa juu ya pikipiki, usiisome kabla. Nimekuzoesha kunitii. Hili nitii, na baada ya hapo utaamua mwenyewe.

Aliyemuua baba yako mdogo si Mabula.

Nimeiandika sentensi hiyo peke yake ili usiipite. Kwa miaka sita umemchukia mtu asiye mwenyewe, na mimi nimekutazama ukimchukia. Aliyekuwa anaendesha gari lile ni mkuu wangu wa kazi. Na aliyempa njia ni mimi.

Nilikupata nikiwa na miaka kumi na saba, kwa hiyo karibu utu uzima wangu wote umeuona kwa macho yako. Umeona mtu anayejaribu kufuli mara mbili. Umeona mtu anayeandika tarehe hata nyuma ya risiti ya sukari. Siku moja, ulikuwa na miaka minane hivi, ulinikuta sebuleni nimesimama wima naongea na simu, ukaniuliza, "Baba, mbona umesimama?" Nikakuambia miguu imekufa ganzi. Haikuwa ganzi. Mkuu alikuwa amepiga. Nilikuwa nasimama kila akipiga, hata nikiwa peke yangu chumbani. Kumbuka hilo unapoendelea kusoma, maana yote yaliyotokea kilimani yametoka hapo.

Ule msafara wa kwanza lilikuwa wazo la Shija. Wakati ule alikuwa kiongozi wa kijiwe, na alikuwa amechoka kusemwa. Mama yeyote akipanda nyuma yake kwenda hospitali anafungia mkoba kifuani kama amepakiwa na mwizi. Mwalimu wako mwenyewe alikuwa anawatishia darasani kwamba atakayefeli ataishia bodaboda, na wewe ulirudi unalia kwa sababu wenzako waligeuka wote kukutazama. Ajali ikitokea popote mjini, hata kama bodaboda ndiye aliyegongwa akiwa ameegesha, maneno yalikuwa yale yale: wana haraka ya kufa hao.

Akaniambia, "Kaka, tunakwenda Meatu na kurudi. Jozi kwa jozi. Kila mtu helmeti na refleksa. Hakuna honi, hakuna mishikaki ya abiria wawili watatu, hakuna kupiga resi. Tunapita katikati ya kila kijiji polepole, watu watuone."

"Watawaona halafu iweje?"

"Watuone tu. Hawajawahi kutuona. Wanatusikia tu."

Walikuwa ishirini na mmoja, na mimi nikawa wa ishirini na mbili kwa sababu nilikuwa na pikipiki na Shija alinibembeleza. Alinipa kazi ya mkia. Nikakataa, nikasema mimi si mzoefu. Akacheka.

"Wewe ni mwoga, kaka. Mkia anatakiwa mwoga. Jasiri akikaa nyuma anachoka, anakwenda mbele kutafuta sifa."

Mkia ndiye anayetazama kwa ajili ya wote. Walio mbele wanaangalia barabara na mwenzao wa pembeni, nyuma hawaoni. Gari likija kutaka kupita, mkia ananyoosha mkono wa kulia juu, kiganja wazi: subiri. Anahama kidogo kuelekea katikati ili asipuuzwe. Kona ikiisha, kilima kikiisha, mbele pakiwa peupe, ndipo anashusha mkono na kuupunga kwenda mbele: pita. Shija alinifundisha uwanjani siku mbili. Aliendesha gari la mtu nyuma yangu, akanipigia honi, akanitukana kupitia dirishani ili aone kama nitashusha mkono.

"Toka njiani, mjinga wewe, nina mgonjwa!"

Sikushusha.

"Sawasawa," akasema. "Hata akiwa na mgonjwa. Hata akiwa na waziri."

Tulipita vijiji vitatu na ikawa kama alivyosema. Watoto walikimbia pembeni, bibi mmoja akapiga vigelegele akidhani ni harusi. Mwanamume mmoja aliyekuwa anachunga alizuia ng'ombe wake ili sisi tupite, na sisi tukawa tumeshasimama ili ng'ombe wapite, tukabaki tunapungiana hivyo mpaka wote tukacheka. Nakuambia haya ili ujue kwamba kwa saa moja na nusu mdogo wangu alipata alichokuwa anakitaka.

Kisha tukaanza kupanda kile kilima, na gari jeupe likaja nyuma yangu.

Nilinyoosha mkono kama nilivyofundishwa. Honi ikapigwa. Nikauacha mkono juu. Ikapigwa tena, ndefu, na nikatazama kwenye kioo cha pembeni nikaiona namba ya gari la ofisi yetu. Nikamwona Mkuu. Alikuwa anaendesha mwenyewe. Mabula, dereva wake, alikuwa kiti cha abiria. Mkuu alikuwa amekunja uso, na uso ule naujua, ndio anaoufanya faili likichelewa kufika mezani kwake.

Minza, kilele cha kilima kilikuwa hakijafika. Sikuwa naona upande wa pili, na nilijua kwamba sioni. Lakini mkono ulishuka. Ulishuka kama ninavyosimama simu yake ikilia. Ukapunga: pita.

Akapita. Alipofika usawa wangu alininyanyulia vidole viwili juu ya usukani kunishukuru. Nikaona fahari. Sekunde moja, au mbili, niliona fahari kwamba Mkuu amenitambua nikiwa nimevaa helmeti.

Lori la pamba likatokea juu. Mkuu alikuwa ameshapita karibu msafara wote, na hakuwa na pa kwenda isipokuwa kurudi kushoto. Kushoto walikuwepo watu. Aliyekuwa mbele kabisa alikuwa Shija.

Kilichompata sitakiandika. Wewe ulimwona kwenye jeneza, inatosha.

Mkia ndiye anayefika mwisho. Nilipokuwa napanda kuelekea pale gari lilipotumbukia shambani, wenzangu walikuwa wamekimbilia kwa Shija, hakuna aliyekuwa anatazama gari. Mimi nililitazama. Nilimwona Mkuu akimvuta Mabula kwa shati, akimburuta kuingia kwenye usukani, na yeye akitokea mlango wa upande wa pili. Alijipangusa vumbi kwenye suruali. Halafu wakaja vijana.

Doto alikuwa mbele yao, analia, mikono imejaa damu. Akanigeukia mimi.

"Karani, wewe ulikuwa nyuma. Nani alikuwa anaendesha?"

Mkuu alinitazama. Hakukunja uso safari hii. Alinitazama kwa utulivu, kama mtu anayesubiri barua iletwe kusainiwa.

Nikasema, "Sikuona."

Basi wakamwangukia aliyekutwa kwenye usukani. Mguu wa kushoto wa Mabula ulivunjwa kwa kipande cha bampa. Mtu kwenye basi lililokuwa limesimama alirekodi kwa simu, na kwenye video ile inasikika sauti ya mwanamke ikisema, "Waoneni wahuni wanaua mtu." Ilifika kila mahali. Hakuna aliyerekodi bibi aliyepiga vigelegele. Hakuna aliyerekodi jozi kumi na moja zikipita kijijini polepole. Shija alitaka watu wawaone, wakawaona, na walichoonyeshwa nilikifungulia mlango mimi mara mbili siku hiyo hiyo: kwanza kwa mkono, kisha kwa mdomo.

Mazishini Mkuu alikaa kiti cha mbele. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, labda unakumbuka suti yake. Aliletewa kipaza sauti, akasema ni msiba wetu sote, akasema marehemu alikuwa kijana mchangamfu, halafu akageukia upande walikokaa bodaboda akasema, "Vijana wetu, punguzeni mwendo." Mdogo wangu alikufa akiwa anakwenda mwendo wa mtu anayesindikiza bibi harusi. Aliyemuua alisimama mbele ya jeneza lake na kumwambia apunguze mwendo, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilitikisa pia. Uliniona?

Wiki iliyofuata alinisimamisha kwenye korido. "Wewe ndiye uliyenipungia mkono," akasema. "Ukinitaja, nakutaja. Una mke, una binti anasoma." Akanigonga bega taratibu na kwenda zake. Mimi polisi nilikuwa nimeshaandika kwamba sikuona, na Mabula alikubali kosa kwa sababu aliahidiwa kwamba familia yake itaangaliwa, na haikuangaliwa hata siku moja. Akafungwa, akatoka, leseni imekwenda, mguu umepinda. Ndipo akaanza kuziba pancha za baiskeli pale njia panda. Pikipiki hazibi, kwa kuwa hakuna bodaboda anayempelekea. Wanasukuma pikipiki yenye pancha, jua kali, wanampita.

Na wewe siku ile ulipotoka shule ukalipiga teke beseni lake la maji, yale anayotumbukizia tyubu kutafuta tundu. Nilikuwa upande wa pili wa barabara. Niliona maji yakimwagika na yeye akiinama kwa shida kuliokota beseni. Alikwenda kuchota mengine. Nilikuja nikakushika mkono nikakupeleka dukani nikakununulia soda. Kati ya yote niliyoyafanya, soda ile ndiyo inayoniamsha.

Utauliza miaka yote hii nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nalipiza kisasi, kwa namna ya karani. Faili alilolihitaji asubuhi nililiona jioni. Barua zake za kuomba uhamisho kwenda kwao zilirudishwa mara tatu kwa sababu ya kiambatisho kilichopungua, na mimi ndiye niliyekuwa nakipunguza. Nilikuwa namchagulia kiti kibovu kwenye mikutano. Aibu, najua. Mtu ameuliwa mdogo wake, na yeye analipiza kwa viti. Lakini kila jambo dogo la hivyo lilikuwa linanishibisha kwa siku mbili tatu, na nilikuwa narudi nyumbani nina furaha, nakutania mpaka unacheka, mama yako anashangaa.

Mara moja nilifika mbali zaidi. Ilikuwa mchana, ofisi imetoka kwenda kula. Nilichukua spana kwenye gari la jirani, nikachuchumaa nyuma ya gari la Mkuu, nikalegeza nati mbili za gurudumu. Mikono ilikuwa imetulia, Minza. Mimi ambaye natetemeka nikimimina chai, mikono ilitulia kabisa. Nilipoanza nati ya tatu ndipo nikakumbuka kwamba tangu kilimani hajawahi kushika usukani tena. Ana dereva mpya, kijana mwenye mtoto mchanga, anayependa kunionyesha picha zake. Angekufa yule, na Mkuu angevaa suti ile ile na kuketi mbele. Nilizikaza nati zile mpaka kiganja kikachubuka. Sikuzikaza kwa huruma kwa Mkuu. Nilizikaza kwa sababu kisasi changu kilikuwa kinataka kwenda tena kwa mtu asiye mwenyewe, na kwa hilo nilikuwa na uzoefu tayari.

Sasa nikuambie kwa nini naandika leo, wala si mwaka jana.

Alhamisi nilipeleka ombi la ruhusa ya kesho ili nikusindikize. Mkuu anastaafu Ijumaa hii, kuna sherehe, na mimi ndiye ninayeandika risala ya kumuaga na kuisoma, kama kawaida. Alisaini ruhusa bila kusoma. Halafu akauliza binti anakwenda kwa usafiri gani. Nikamwambia pikipiki. Akaichukua tena karatasi, na chini ya saini yake akaandika kwa mkono wake: "Msalimie binti. Apunguze mwendo."

Nilirudi mezani kwangu. Nikaisoma mara nyingi. Nadhani hakuwa na nia mbaya, Minza, na hicho ndicho kinachonichoma. Amesahau. Mimi nimesimama kila simu yake ikilia kwa miaka sita, na yeye amesahau mpaka anaweza kukuandikia wewe maneno yale yale.

Jana nikaenda njia panda.

"Mwadila, mzee Mabula."

Hakuitika. Aliendelea kusugua tyubu kwa msasa. "Sizibi pikipiki," akasema.

"Sina pancha."

"Basi unaniziba jua. Sogea."

Nikasogea, nikachuchumaa. Nikamwambia yote, kuanzia kioo cha pembeni mpaka "sikuona". Nilidhani atanipiga na nilikuwa nimevua miwani kabisa. Alipaka gundi, akapuliza, akabandika kiraka.

"Nilikuwa kiti cha pembeni," akasema. "Nilikuona unapunga. Unadhani unanipa habari?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Karani msomi ameandika hakuona. Mimi dereva wa darasa la saba ndiye niliyeona?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Umekuja kutaka msamaha? Sina. Uliisha mwaka wa kwanza."

"Sijaja kwa msamaha. Nataka tummalize."

"Kwa kisu?"

"Kwa maelezo. Nimeandika upya maelezo yangu yote."

Alicheka mpaka akakohoa. "Makarani! Mtu ananyang'anywa mguu, wanamletea karatasi." Kisha akajipangusa mdomo. "Anastaafu lini?"

"Ijumaa."

"Na mguu wangu unastaafu lini?"

Nikamsomea maelezo yale, kurasa nne, pale chini, wateja wawili wa baiskeli wakisubiri kivulini. Alinisahihisha sehemu mbili. Mkuu alimvuta kwa kola, si kwa shati tu, na kola ilichanika, na anayo bado. Nikaandika. Nilipomaliza akasema ana sharti moja. Msafara wa kesho atakuwemo.

"Utapanda na nani?"

"Na wewe. Mkiani. Utanipakia njia panda wenzako wakishapita. Nataka wale walionivunja wanione nikishuka. Na binti yako naye, yule wa beseni."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Unaposoma hapa, nitakuwa nimeshapita kituo cha polisi. Nimepanga kupita saa moja asubuhi, kabla hamjapasha injini, niache nakala moja na nichukue saini ya mpokeaji. Nakala ya pili nitamkabidhi mwanasheria wa Mabula, amempata kupitia jamaa yake kanisani. Maelezo yanasema Mkuu aliendesha, na yanasema mimi nilimpa njia kabla ya kilele, na kwamba nilidanganya. Huenda wakanishika mimi kwanza. Kazi nadhani imekwisha. Mama yako nimemwambia asubuhi hii, ndiyo maana amekuwa anafua vitu ambavyo si vichafu.

Ijumaa, kama sijashikwa, nitakwenda kwenye sherehe na risala yangu. Haitakuwa na neno la Shija. Itakuwa ya heshima, nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nitaisoma polepole, nikimtazama, na yeye atakuwa ameshapata habari kutoka polisi, atakaa pale mbele amevaa shada la maua akijua kwamba ninajua na kwamba nimesema. Nataka aisikilize yote mpaka mwisho, watu wakipiga makofi. Nimeisubiri dakika hiyo kuliko nilivyosubiri mshahara wowote. Sikufichi. Kama ulitaka baba aliyekwisha kusamehe, hayumo kwenye barua hii.

Lakini vijana usiwasomee hapo kilimani. Nawajua na wewe unawajua. Wakisikia jina, watageuza pikipiki zote, na kabla ya saa nane nyumba yake itakuwa inawaka. Nimekaa na picha hiyo ya moto siku nyingi, siwezi kusema siipendi. Ila ikiwaka, kutakuwa na video, na sauti ya mtu kwenye video itasema wahuni wanaua mtu, na itakuwa kweli safari hii. Yeye atageuka mhanga, atapewa pole, na Shija atabaki ndugu wa wachoma nyumba. Mimi namtaka kizimbani, jina lake lisomwe kamili, asiweze kusema ni fujo za bodaboda. Kuwaambia vijana ni kazi yangu na Mabula jioni, tukirudi, baada ya kumwomba mzee wa kijiwe aketi katikati. Doto nitamwambia mimi mwenyewe. Aliniamini siku ile, mikono yake ikiwa imejaa damu.

Nakala ya tatu iko nyuma ya barua hii, nimeibana kwa stepla. Hiyo ni yako, na nakuomba uelewe kwa nini. Mimi najijua. Ninaweza kufika mlango wa kituo kesho nikakuta nimekumbuka kitu nyumbani. Ninaweza Jumatano kuitwa ofisini, akanigonga bega, nikarudi kuandika kwamba nilikuwa nimechanganyikiwa na msiba. Basi ukisikia nimefanya hivyo, usinipigie kuniuliza. Ipeleke wewe. Ina saini yangu kila ukurasa na tarehe, na dole gumba la Mabula. Nimekupa kitu cha kunizuia nisikimbie, kwa kuwa mwenyewe sina.

Njiani kule Kimali utakutana na magari ya wakubwa. Watakuja nyuma yako kwa honi, na wengine watakuwa wanajua jina lako, wataweza kukupandisha cheo au kukuacha porini. Mkono wako ukae juu mpaka wewe mwenyewe uone upande wa pili. Wakikutukana, waache watukane. Ni hilo tu, sijui mengine ya barabarani kuliko unavyoyajua wewe.

Umemaliza kuosha. Umeiegesha juani ikauke, na Doto anakwambia taa ya nyuma inatakiwa kubadilishwa, na wewe unamwambia unajua.

Sasa uko kilimani, helmeti mkononi. Kunja karatasi, geuka, utazame mkia wa msafara. Nimevaa refleksa ile ile. Nyuma yangu kuna mtu mzima anayeshuka kwa shida kwa sababu mguu wa kushoto haukunjiki, na vijana wote wameanza kumgeukia, na hawajui wafanye nini. Mimi siwezi kuwaonyesha, sina uso huo. Wewe ndiye ndugu wa Shija wanayemsikiliza.

Kama beseni lile unalikumbuka, nenda umwamkie kabla Doto hajafungua mdomo. Sema mwangaluka, kwa sauti, wote wasikie. Mimi hata usiponiamkia, nitabaki mkiani mpaka ufike.

Baba yako